Aliletewa Kompyuta Aliyoibiwa, Aitengeneze

Mwizi alimpelekea mwenye mali kitu alichomwibia, akaomba atengenezewe. Tena haraka.

Najua inasikika kama stori ya kijiweni. Lakini mwenye kisa yupo, duka lake liko Bilele, Bukoba mjini, na ukipita kesho utamkuta ameinamia mashine ya mtu. Ameniruhusu nisimulie. Majina nimeyageuza. Mambo yenyewe sikuyagusa.

Tumwite Joanitha.

Ilikuwa Jumatano asubuhi. Fundi mmoja anaitwa Yunus, aliyehamia Bukoba mwaka uliotangulia, aliingia dukani na kompyuta ya kupakata, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua.

"Dada Joanitha, hii imenishinda," akasema. "Ya Mwalimu Ildefons. Jumamosi ana uzinduzi wa kitabu chake, na kila kitu kimo humu."

Joanitha aliinama juu yake. Alikuwa anaangalia kona ya mfuniko.

Kona ile ilikuwa imeyeyuka. Plastiki imejikunja kama ngozi iliyoungua.

Aliijua ilivyoyeyuka. Aliijua siku, aliijua saa. Mama yake mzazi, Ma Kokushubila, aliisogeza karibu mno na mafiga jikoni kwao Kagoma, kule Muleba, halafu akacheka mpaka akakohoa.

Kompyuta ile ilikuwa ya Joanitha.

Na miaka mitatu na nusu nyuma alikwenda polisi kuandikisha kwamba imeibwa na wezi waliovunja nyumba. Nyumba ya nani? Ya huyohuyo Mwalimu Ildefons, Kitendaguro.

"Vipi dada, unaiweza?" Yunus akauliza.

"Keti," akamwambia. "Nieleze imefanyaje."

Aliniambia sauti yake ilitoka ya kawaida kabisa. Hata yeye alijishangaa.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, mnielewe.

Ma Kokushubila alikuwa mkulima wa ndizi na kahawa kama jirani yeyote wa Kagoma. Lakini kichwani alikuwa na ghala. Nyimbo za kumsindikiza bibi harusi, bembelezi za watoto, methali, majina ya aina za migomba ambayo vijana wa leo hawajawahi kuyasikia. Kihaya cha zamani, kile ambacho ukikizungumza mjini unaambiwa rudia.

Joanitha alianza kumrekodi. Kila mwisho wa wiki alipanda gari kutoka Bukoba hadi Muleba, kompyuta mgongoni. Akamaliza na mama, akaenda kwa wazee wengine, kibanja kwa kibanja, migomba ya huyu hadi ya yule. Miaka minne.

Mwalimu Ildefons aliingia katikati. Alikuwa anafundisha lugha katika chuo kimoja. Msomi, mpole, suti safi. Akasema, "Dada yangu, hii ni hazina. Wewe rekodi, mimi nitapanga maandishi. Tutatoa kitabu pamoja na sauti zake."

Joanitha akakubali. Kompyuta ikawa inakaa wiki kwake, wiki kwa Mwalimu.

Machi 2021 Joanitha alikwenda Mwanza siku kumi kwa mafunzo. Aliporudi hakukaa hata wiki. Mama akafariki.

Hajamaliza hata arobaini, Mwalimu akampigia simu analia. Wezi wamevunja. Wamechukua televisheni, wamechukua kompyuta.

Miaka minne ya kazi. Sauti ya mama yake. Vyote, kwisha.

Joanitha alimpa pole Ildefons. Fikiria hilo. Alimbembeleza yeye.

Baada ya mwaka na ushee, watu wakaanza kumwambia kwamba Mwalimu anazunguka na projekta mashuleni, anachezesha sauti za wazee. Joanitha akaenda. Akakaa nyuma ya darasa. Akamsikia mama yake akiimba.

Akamfuata Ildefons nje.

"Hiyo ni rekodi yangu."

"Nilirekodi mwenyewe," Mwalimu akajibu bila kupepesa. "Hujui kwamba nilikwenda kwa mama yako ukiwa Mwanza? Waulize majirani."

Majirani walikuwa wamemwona kweli.

"Nilifanya kazi miaka minne, Mwalimu."

"Ulikuwa fundi wa kuwasha mashine, Joanitha. Fundi haandikwi kwenye kitabu."

Kisha Mwalimu akaenda Kagoma kabla yake. Akawaambia wazee kwa upole kwamba binti wa marehemu amechanganyikiwa na msiba, wamwombee. Joanitha alipofika kulalamika, Ta Bartholomayo, mzee jirani waliyepakana naye migomba, alimshika bega akamwambia, "Mwanangu, mwache msomi wa watu. Nenda kapumzike."

Maneno yale yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Hakuwa na ushahidi. Akanyamaza. Lakini kunyamaza si kusamehe, na Joanitha hakusamehe hata siku moja. Aliniambia kwamba kanisani, walipofika kwenye "kama nasi tunavyowasamehe", alikuwa anafunga mdomo mpaka sentensi ipite.

Sasa kompyuta ilikuwa mezani kwake.

Yunus akaeleza. Mashine iliomba kujisasisha, Mwalimu akakubali, umeme ukakatika katikati. Betri ilishakufa zamani. Tangu hapo haiwaki, inaleta maandishi meupe na kukwama.

"Nikaona ina picha za mfumo," Yunus akasema. "Nyingi sana. Nikachagua moja iwakie humo, ikagoma. Nikachagua nyingine, ikagoma. Zote zinagoma."

Hapo niwaeleze jambo moja, maana kisa chote kimeshikiliwa hapo.

Zamani Joanitha aliipanga kompyuta ile ijipige picha kila Ijumaa. Si picha ya sura. Ni picha ya ilivyo siku hiyo: kila faili mahali pake, kila jina lilivyoandikwa. Ikiharibika, unaiambia iwake kama ilivyokuwa Ijumaa fulani. Na aliiagiza isifute picha hata moja mpaka diski ijae.

"Diski haikujaa muda wote huu?" Joanitha akauliza, macho kwenye bisibisi.

"Mwaka juzi Mwalimu aliwekewa diski mpya kubwa. Fundi aliyemhamishia alihamisha kila kitu kama kilivyo."

Kila kitu kama kilivyo.

Joanitha akaweka bisibisi chini. "Mwalimu anajua umeileta kwangu?"

"Anajua nimempelekea fundi wa Bilele anayejua mifumo ya aina hii. Hajauliza jina. Amechanganyikiwa na wageni."

"Nakala nyingine hana?"

"Nimemuuliza hilo. Anasema hakutaka zisambae, watu wasije wakamwibia."

Joanitha alikaribia kucheka.

"Mwambie itawaka," akasema. "Lakini ni mgonjwa, haipaswi kupigwapigwa barabarani. Nitaileta ukumbini mwenyewe Jumamosi, niiwashe mwenyewe na kuiendesha mpaka mwisho."

Yunus akapiga simu palepale. Upande wa pili alisikika mtu mwenye haraka: sawa, sawa, mradi sauti zisikike.

Yunus alipoondoka, Joanitha alifunga mlango, akageuza kibao cha "Nimetoka".

Wazo la kwanza lilikuwa jepesi. Afute. Afute kila kitu, Jumamosi Ildefons asimame mbele ya watu na kioo cheusi.

Alishaweka vidole kwenye vibonye.

Halafu akakumbuka ni nani yumo humo ndani. Angemfuta Ildefons, na mama angekufa mara ya pili, safari hii kwa mkono wa mwanawe.

Basi. Ili ammalize yule mtu, ilibidi kwanza aiponye mashine.

Akaanza kazi.

Akaiwasha kwa flashi yake ili aone ndani bila kuigusa. Tatizo la kwanza lilionekana upesi. Kile kipande kidogo kinachoamsha kompyuta kilikaa nje ya picha, kwenye sehemu yake ya pembeni. Umeme ulipokatika, ndicho kilichoumia. Kwa hiyo Yunus alikuwa anachagua mwili mzima wenye afya, lakini anayekuja kuuamsha ni yuleyule aliyevunjika shingo.

Akakirudishia upya. Akachagua picha ya Ijumaa iliyopita.

Ikawaka.

Ilimchukua saa mbili tu. Kazi aliyoombwa ilikuwa imekwisha. Kitabu cha Ildefons kilikuwemo, na majina ya folda: "Utafiti wa Mw. Ildefons". Sauti ya mama yake imewekwa humo, imepewa namba. Mtoa habari 7.

Mtoa habari 7.

Akaizima. Akafungua orodha ya picha, akateremka chini. 2024, 2023, 2022. Chini kabisa zilikuwepo za 2021.

Ijumaa, tarehe 12 Machi, 2021. Yeye akiwa Mwanza. Mama akiwa hai.

Akaichagua.

Kioo kikawa cheusi. Mstari mmoja ukatokea: inangoja diski. Na saa inahesabu. Sekunde kumi. Ishirini. Ikahesabu mpaka dakika moja na nusu, kisha ikakata tamaa na kusimama.

Akajaribu tena. Vilevile.

Kila diski ina namba yake ndefu, kama ya kitambulisho. Picha ile ilikuwa inaita diski ya zamani kwa namba yake. Diski ile haikuwepo tena duniani, labda ilikuwa jalalani huko Kitendaguro, lakini picha haikujua. Iliita, ikangoja, ikachoka. Fundi wa diski mpya alibadilisha namba kwenye mfumo wa siku ile tu. Zile za nyuma aliziacha ziendelee kumwita marehemu.

Joanitha akaingia kubadilisha namba. Ikamkatalia. Picha ni ya kusomwa tu, haiandikiki. Akatengeneza nakala yake inayoandikika, akabadilisha namba humo, akawasha.

Safari hii haikungoja diski. Ikaenda mbele hatua tatu, ikaanguka. Kibodi haifanyi kazi, kioo kinapepesa.

Alhamisi yote ikaishia hapo. Wateja waligonga, akawaambia warudi Jumatatu.

Ijumaa asubuhi ndipo alipoona kosa. Kiamsha kipya kilikuwa kinazungumza na mwili wa mwaka 2021 kwa lugha ambayo mwili ule haujaisikia. Viungo vyake vilikuwa vya zamani, havikumwelewa. Ilibidi aingie ndani ya picha ile ikiwa imelala, kupitia flashi, na kuipachikia viungo vinavyolingana, kimoja kimoja, bila kugusa faili hata moja la mtu.

Alifanya hivyo.

Akawasha.

Maandishi yakapita. Yakapita. Kisha kikatokea kisanduku kinachouliza neno la siri.

La Ildefons alikuwa halijui. Lakini hii ilikuwa Machi 2021. Akaandika la kwake la zamani, jina la mgomba ambao mama yake aliupenda.

Mlango ukafunguka.

Kiooni ilikuwa meza yake ya zamani. Picha ya nyuma ni kibanja chao, kahawa imechanua. Na folda: "Ma Kokushubila, Kagoma. Amerekodi Joanitha." Folda hamsini na tatu, zote zina jina lake na tarehe zake, kuanzia 2017.

Alilia, lakini hakulia kwa muda mrefu. Alikuwa na kazi.

Akaanza kuzihesabu. Hamsini na tatu zake. Na faili moja zaidi, peke yake pembeni, asilolijua. Halikuwemo kwenye picha ya Ijumaa iliyopita, kwa hiyo mtu alilifuta baadaye. Lilikuwa la Alhamisi, tarehe 11 Machi. Siku moja kabla ya picha kupigwa.

Akavaa visikilizio.

Kuku. Kikohozi cha mama. Halafu sauti ya Ildefons, inamsalimu kwa Kihaya cha heshima.

Joanitha alisikiliza dakika sita mpaka mwisho. Akavua visikilizio, akaviweka mezani polepole.

Kuanzia hapo, aliniambia, hakuwa na hasira tena. Alikuwa ametulia kama mtu aliyekwisha noa panga, anangoja alfajiri.

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi ulijaa. Wazee wa Kagoma waliletwa kwa basi dogo, wamevaa kanzu na makoti. Mgeni rasmi alikuwa Bi Maimuna, mama wa makamo kutoka Dar es Salaam, anayesimamia mradi wa kuhifadhi lugha. Kihaya hakujua hata salamu. Ndiyo maana Ildefons alikaa karibu naye kama kivuli.

Joanitha alikuwa nyuma ya meza ya mitambo, pembeni ya jukwaa. Kompyuta imewaka, projekta imefunikwa na karatasi.

Ildefons alimwona alipopanda jukwaani. Tabasamu lake lilibaki usoni, lakini macho yalikimbia. Akashuka, akainama kama anayekagua nyaya.

"Unafanya nini hapa?"

"Umeniita, Mwalimu. Mimi si fundi wa kuwasha mashine?"

Akatazama nyuma. Bi Maimuna alikuwa anawaangalia, anatabasamu. Wageni wameketi. Kamera zimefunguliwa.

"Washa tu," akanong'ona. "Na usithubutu kusema neno."

"Sitasema neno."

Na hakusema. Nataka mlishike hilo. Kuanzia dakika ile mpaka shughuli ilipovunjika, Joanitha hakufungua mdomo.

Ildefons akahutubia. Akasema alitembea kibanja kwa kibanja. Akasema alinyeshewa, alilala njaa, akapoteza vifaa kwa wezi lakini hakukata tamaa. Watu wakapiga makofi.

"Sasa," akasema, "tumsikilize mmoja wa watoa habari wangu." Akamtupia Joanitha jicho na kuonyesha ishara ya kidole.

Joanitha akaondoa karatasi kwenye projekta.

Ukutani zikatokea folda hamsini na tatu. Amerekodi Joanitha. Amerekodi Joanitha. Amerekodi Joanitha. Tarehe, kijiji, saa.

Ukumbi mzima ukawa unasoma.

Kabla Ildefons hajafika mezani, sauti ikaanza.

Kuku. Kikohozi. Bibi mmoja wa Kagoma akasema chinichini, "Huyo ni Ma Kokushubila." Wazee wakavua kofia.

Kisha ikasikika sauti ya Ildefons mwenyewe, na baadaye ya yule mama, taratibu, kwa Kihaya kile cha zamani. Ildefons akasimama hatua mbili kutoka kwenye meza. Alitaka kuchomoa waya. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unamtazama, na mtu anayemzima marehemu akizungumza, kwetu, hana pa kuuficha uso.

Bi Maimuna akainama kwenye kipaza sauti chake. Yeye alikuwa anafurahia tu, masikini.

"Sauti nzuri sana. Mwalimu, tutafsirie basi. Anasema nini?"

Joanitha akasimamisha sauti, amsubiri atafsiri.

Ildefons akakohoa. "Anasema... anatusalimu. Anasifu utamaduni wetu na umuhimu wa kutunza lugha."

Kule nyuma mtu akaguna. Halafu wa pili.

Ta Bartholomayo akasimama. Yuleyule. Mkongojo mkononi, sauti haikupanda.

"Mwalimu, tafsiri vizuri. Humu ndani sisi sote tumesikia, isipokuwa mgeni."

"Mzee, tuna ratiba..."

"Tutangoja."

Na hakuketi. Wazee wengine wakasimama naye, mmoja mmoja, kimya, mpaka mistari mitatu yote ikawa imesimama.

Bi Maimuna tabasamu likamtoka. "Mwalimu," akasema kwa upole, "tafsiri."

Hapo ndipo ngoma ilipokolea. Mtaalamu wa Kihaya aliyezinduliwa kitabu siku ile akaanza kutafsiri. Joanitha anachezesha sentensi, anasimamisha. Anachezesha, anasimamisha. Kama mwalimu anayemsomea mtoto imla.

"Anasema... sauti yake ananipa."

Sentensi nyingine.

"Anasema kazi yenyewe... ni ya binti yake."

Nyingine.

"Anasema, wewe umekuja leo na kalamu. Joanitha ndiye aliyekaa nami jikoni miaka yote."

Nyingine.

"Anasema kikitoka kitabu... jina la Joanitha litangulie. Langu lifuate."

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye tai. Joanitha alimwangalia usoni muda wote. Aliniambia alisikia utamu mpaka kwenye meno, na haoni aibu kuusema.

Zikabaki sentensi za mwisho. Mama anamwambia aape. Sauti ya Ildefons inaapa. Mama anasema, si hivyo, apa kwa aliyekuzaa.

Na sauti ya Ildefons inajibu, fupi, wazi, na ndani yake limo jina.

Ildefons hakutafsiri.

"Na hapo?" Bi Maimuna akauliza. "Nimesikia jina la mtu."



Kwenye mstari wa mbele kabisa, kiti cha familia, bibi mmoja mwenye kitambaa cheupe kichwani akajiinua. Alishika mkono wa kiti chake mpaka magoti yakanyooka. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, cha kuchagua neno.

"Mimi nitamsaidia mgeni," akasema. "Amesema, naapa kwa Ma Evodia, mama yangu. Evodia ni mimi."

Akaangalia chini kidogo, akamtazama mwanawe.

"Na hakutimiza."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Mlango wa ukumbi ulikuwa mbali, na alitembea kwa shida.

Joanitha anasema hapo ndipo utamu ulipoingia mchanga. Mtu aliyemlenga alikuwa jukwaani. Aliyeumia zaidi alikuwa bibi wa watu, aliyevaa kitambaa safi kuja kumwona mwanawe akisifiwa.

Uzinduzi ulivunjika. Bi Maimuna aliomba kompyuta na Joanitha wabaki ukumbini, wengine wote watoke. Kitabu kilisimamishwa, kikapangwa upya kwa jina la Joanitha. Chuoni, Ildefons aliitwa kujieleza, na kabla hawajaamua akaandika barua ya kuondoka. Wazee wa Kagoma walikuja Bilele, watu saba, wamebeba mkungu na kahawa ya kutafuna. Ta Bartholomayo akasema, "Tulikuambia ukapumzike. Tulikosea." Joanitha aliwapokea. Lakini alimwacha mzee asimame kidogo kabla ya kumpa kiti. Makusudi kabisa.

Ildefons alituma ujumbe wa kuomba msamaha. Joanitha akausoma, akaufuta. Mpaka leo hajajibu.

Nilidhani kisa kimeishia hapo. Yeye pia alidhani hivyo.

Mwezi mmoja na nusu baadaye, asubuhi ya siku ya soko, bibi mmoja aliingia dukani peke yake. Kitambaa kilikuwa kingine, lakini Joanitha alimtambua kwa mwendo.

Akasimama haraka. "Shikamoo, Ma."

"Marahaba, mwanangu."

Joanitha alijua anakuja kuomba nini. Kwamba jina lake lifutwe kwenye ile rekodi. Ni haki yake kuomba. Na alishajiandaa kukataa, kwa sababu sauti ya mama yake haikatwi hata pumzi moja.

Bibi akaketi. Akaangalia mashine zilizofumuliwa ukutani.

"Ndiyo hii iliyosema?" akauliza, akionyesha ile yenye kona iliyoyeyuka.

"Ndiyo, Ma."

"Mama yako alikuwa anaimba wimbo wa bibi harusi. Ule wa kuvuka mto. Niliusikia siku ile kabla sijaingia ukumbini, ulipokuwa unajaribu mitambo."

"Ndiyo."

"Aliuimba vizuri. Lakini kwetu Kanyigo una beti mbili zaidi. Kwao Muleba hawazijui."

Joanitha akavuta kiti, akaketi.

"Ninazo nyimbo arobaini na kitu," Ma Evodia akasema. "Na majina ya ndizi, na hadithi za mama wa mama yangu. Mwanangu amezunguka kwa akina mama wote wa Muleba na kalamu. Amekula kwangu miaka arobaini na mbili. Hajawahi kuniuliza."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akairudisha.

"Washa hiyo mashine. Na andika jina lako juu, nione ukiandika. Sijui kusoma sana, lakini jina nitalitambua."

Joanitha akaandika. Bibi akafuata kwa kidole mpaka herufi ya mwisho.

Walirekodi mpaka mchana. Wakarudia wiki iliyofuata, na iliyofuata. Ildefons akapata habari, maana Bukoba ni ndogo. Wanasema ule ukumbi aliuvumilia. Kusikia mama yake anapanda bodaboda kila Alhamisi kwenda Bilele kumpa Joanitha kile ambacho yeye hakukiomba, hicho kilimlaza kitandani.

Nilimuuliza Joanitha kama hicho nacho ni kisasi.

"Sikukipanga," akasema. "Lakini sikukikataa."

Mimi somo nililolichukua ni hili. Ukiwa na njaa ya hazina, usiruke ua wa jirani kabla hujauliza nyumbani kwenu kuna nini. Na kama ni lazima uibe, angalau usimwibie anayejua kukitengeneza ulichoiba.